Vitabu vya Chembe na Urithi Barazani Kwetu

Baraza yetu hapa Singida mjini ina desturi ya miaka mingi. Baada ya sala ya Isha husomwa tafsiri, na usiku wa kuamkia Ijumaa husomwa habari za Masahaba. Kisha watu hunywa kahawa na kwenda zao. Lakini kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi sasa baraza hiyo imeingiwa na wageni tusiowatazamia, nao ni vitabu vya elimu ya chembe za mwili na elimu ya urithi. Si vitabu vya shule. Ni vile ambavyo wataalamu wamewaandikia watu wasio wataalamu, ili mwenye kusoma ajue mwili wake umejengwa kwa nini, na kwa sababu gani mtoto huzaliwa na pua ya babu asiyemwona. Vimeletwa na vijana wetu wasomao vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam. Vingine wamevinunua vikuukuu kando ya njia, na ndani ya majalada yake mna majina ya wenyewe wa kwanza, yameandikwa kwa wino uliokwisha kufifia.

Yatupasa kusema kweli tangu mwanzo. Sisi tuandikao maneno haya tulisoma Qur'ani chuoni, na shule ya msingi hadi darasa la saba, wala Kiingereza chetu hakivuki salamu. Vitabu hivi hatukuvisoma, tulisomewa. Kijana hushika kitabu, hupitia ukurasa kimya, kisha hututolea maana kwa Kiswahili, na aghalabu hukwama akatazama dari kama mwanafunzi aliyesahau aya. Basi haya si maoni ya mwandishi mmoja. Ni maoni ya baraza nzima: fundi cherehani, mwuguzi mstaafu, wauza vitunguu wawili, vijana kadha wa kadha, na wanawake wasikilizao kutoka uani, ambao mara nyingi ndio waliouliza maswali yenye uzito. Tumeyakusanya kwa sababu wazazi wengi huulizana jambo moja wanapoona vitabu hivi mikononi mwa watoto wao: Je, tuwaache wavisome, au tuvifiche?

Usiku wa kwanza msomaji wetu alitumia neno seli, na mzee mmoja akadhani anazungumza habari za selo ya polisi. Tulicheka sana. Baadaye tukaambiwa kuwa mzee hakukosea. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome la mti, akaona vitundu vimepangana mfano wa vyumba vidogo, akaviita kwa jina la chumba kidogo. Jina hilo ndilo lililozaa seli ya wataalamu, na ndilo lililozaa selo ya mzee wetu. Mwili wa mtu mzima wakadiriwa kuwa na chembe hizo trilioni 30 au zaidi, na zilizo nyingi kuliko zote ni chembe nyekundu za damu.

Ndani ya karibu kila aina ya chembe, wasema, mna maandishi yaelezayo jinsi mwili ujengwavyo, nusu yametoka kwa baba na nusu kwa mama, na maandishi hayo yote yameandikwa kwa herufi nne tu. Hapo wanafunzi wetu wa chuo walishangaa, kwa kuwa wao huhangaika na herufi 28. Sisi hatukushangaa sana. Mwalimu wa chuo ajua nukta ina nguvu gani. Nukta moja ikiwa chini ya herufi ni ba. Zikiwa mbili juu yake ni ta. Nayo herufi ni ile ile. Mtoto akikosea nukta moja tu, neno zima limegeuka. Twaomba msomaji aishike nukta hiyo, maana tutairudia.

Kitabu kilichopendwa zaidi ni The Gene cha Siddhartha Mukherjee, daktari mzaliwa wa India aishiye Marekani, kilichotoka mwaka 2016. Aliyetusomea ni binti aliyepata kuwa mwanafunzi wetu chuoni, na sasa anasomea ualimu. Alisema kuwa alikipenda kwa sababu mwandishi hakuanza na maabara wala na sifa za maprofesa. Alianza na nyumba yao mwenyewe: ndugu wawili wa baba yake, na binamu yake, waliopatwa na maradhi ya akili, na hofu yake ya kwamba huenda naye anayabeba. Fundi cherehani akasema, "Mtu aanzaye na aibu ya nyumbani kwake, huyo nitamsikiliza." Baraza yote ikaitikia.

Wauza vitunguu walimpenda Mendel, yule mtawa wa mji wa Brno aliyepanda njegere na kuhesabu mbegu zake moja moja, akaandika matokeo mwaka 1866, na dunia isimjali hata mwaka 1900, naye amekwisha kufa. Walisema kuwa jambo lake wanalijua kwa hasara. Kitunguu chekundu cha Singida kikiachwa kichanue karibu na shamba la jirani mwenye kitunguu cha namna nyingine, mbegu itakayovunwa haiaminiki tena. Tofauti yao na Mendel, walisema, ni kuwa wao walilaumu jirani, naye alihesabu.

Mwuguzi mstaafu alikuwa na neno kali zaidi. Kwa maoni yake, sura ambayo ingetangulia kusomwa na vijana ni ile ielezayo jinsi elimu hii ilivyotumiwa kwa udhalimu. Mwaka 1927 mahakama kuu ya Marekani iliruhusu msichana mmoja, Carrie Buck, akatwe uzazi kwa nguvu, ati kizazi chake ni kibovu. Na mwaka 1933 Ujerumani ikatunga sheria ya kuwafanyia hivyo watu wengi, na mwisho wa njia hiyo watu wakauawa. Alisema kuwa mtu akiijua damu ya mwenzake bila kuwa na huruma, bora asingeijua. Tulinyamaza. Wakati ule hatukujua kuwa maneno hayo yangetufika sisi.

Sasa twaja kwenye kitabu kilicholeta ugomvi. Ni kile cha Richard Dawkins cha mwaka 1976, The Selfish Gene, ambacho jina lake tumelitafsiri kuwa jeni yenye choyo. Kijana mmoja alikisoma peke yake, kisha akakaa wiki mbili bila kuja barazani, na baba yake akatujia na kitabu mkononi akitaka kukitia motoni. Tulimwomba atuachie. Wengi walistaajabu kusikia kuwa mtu huyo mwenye sifa ya kumkanusha Mungu alizaliwa Nairobi, mwaka 1941. Kwa hiyo ni kama kusema alizaliwa kwa jirani. Tukasomewa. Madai yake ni kuwa miili ya viumbe ni kama vyombo vya safari, na abiria ni zile jeni, ambazo hushuka katika chombo kimoja na kupanda kingine, kizazi hata kizazi. Neno choyo ni mfano tu. Hasemi kuwa jeni ina moyo wa kutamani, wala hasemi kuwa watu wawe wachoyo. Kumkanusha Mungu alikueleza kwa urefu katika kitabu kingine, cha mwaka 2006.

Maoni yaligawanyika. Baba wa kijana alisema kuwa chungu kikiwa na tone la sumu hakiliwi chote. Fundi cherehani alisema kuwa vitabu vya sarufi tulivyojifunzia viliandikwa na watu wa namna nyingi, wala hatukuwauliza sala zao. Sisi tulimwambia kijana neno moja tu, kuwa mwenye kueleza jinsi gari linavyokwenda hajasema bado nani amelituma wala linakwenda wapi. Hatujui kama lilimtosha. Lakini usiku uliofuata alikuja, akakaa karibu na mlango.

Lipo na kundi la pili, ambalo ni kinyume cha hilo, nalo twaona lina hatari yake. Hawa ni wale ambao kila wasikiapo jambo la chembe husema kuwa sisi tulikuwa nalo tangu zamani, basi hakuna haja ya kusoma. Hukitegemea kitabu cha Maurice Bucaille, tabibu wa Kifaransa, cha mwaka 1976, kilicholinganisha Biblia, Qur'ani na elimu ya kisasa. Ni kitabu kipendwacho katika nyumba nyingi, nasi hatukilaumu. Lakini Qur'ani haikungoja ushahidi wa daktari ili iwe kweli. Na mtu asiyejua hadubini hajaijua kwa kujivunia kuwa babu zake walisoma aya. Tulimwuliza mmoja wao mtoto wake ana damu ya aina gani, akasema hajui.

Kitabu kilichosikilizwa kwa kimya kuliko vyote ni cha Rebecca Skloot wa Marekani, kilichotoka mwaka 2010. Chahusu Henrietta Lacks, mwanamke mweusi, mkulima wa tumbaku wa jimbo la Virginia, mama wa watoto watano, aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi mwezi wa Oktoba 1951 katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, umri wake miaka 31. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwuliza. Chembe zake zikakataa kufa. Zikazaana ndani ya chupa, zikatumiwa katika utafiti wa chanjo ya polio, zikauzwa duniani kote, nazo zaendelea kuishi hata leo. Jamaa zake hawakujua neno hadi miaka ya 1970. Mwaka 2023 walipatana na kampuni moja iliyokuwa ikifaidika na chembe hizo.

Kutoka uani sauti ya mama mmoja iliuliza, "Alizikwa wapi?" Msomaji akatafuta, akajibu kuwa alizikwa kwao Virginia, na kaburi lake halikuwa na jiwe la alama hadi mwaka 2010. Wanawake wakanong'ona kwa muda mrefu. Kisha mmoja akasema kwa niaba yao: sisi huzika hata kondo la nyuma, huzika nywele na kucha, kwa kuwa kitu kilichotoka kwa mwanadamu kina heshima yake, huyu nyama yake imezunguka dunia yote, na kaburi lake halikuwa hata na jiwe. Hatujasikia hukumu iliyo bora kuliko hiyo juu ya kitabu hicho. Lakini mama mwingine, ambaye mtoto wake huhudhuria kliniki, alisema kuwa yeye hospitalini aliulizwa kwanza, akasomewa karatasi, akatia dole gumba, na ndipo damu ya mtoto ikachukuliwa. Kwa hiyo, alisema, kitabu hiki kisimtishe mtu asiende kupima; kimfundishe kudai aulizwe.

"Na sisi," akauliza fundi, "damu zetu hazikuchukuliwa?"

Mwuguzi mstaafu akatueleza. Mwaka 1949 kijana mmoja, Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa wanachuo wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu. Alikuwa akitafuta chembe nyekundu ambazo, zikikosa hewa, hupinda kama mundu. Chembe hizo zilikuwa zimekwisha kuelezwa tangu mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago. Allison aliona jambo la ajabu. Pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa nazo. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Akajiuliza kuna nini pwani na ziwani kisichokuwapo mlimani, akajijibu: mbu. Akarudi, akapima maelfu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wakiwamo watu wa Musoma, na mwaka 1954 akatangaza kuwa mwenye kurithi asili hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Na mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kuwa tofauti yote kati ya damu nzima na damu hiyo ni kiungo kimoja tu katika kile kinachoipa damu wekundu wake. Hiyo ndiyo nukta tuliyomwomba msomaji aishike.

Majina ya waliotoa mikono yao wakachomwa sindano hatukusomewa hata moja. Elimu iliyotoka katika damu ya Musoma imeturudia Singida baada ya miaka 70 kwa Kiingereza, na katika vitabu vyote vilivyofika barazani hapakuwa na hata kimoja cha Kiswahili. Walau ugonjwa wenyewe umepata jina zuri, selimundu. Mkulima asiyejua seli anaujua mundu.

Mwuguzi alipokuwa akieleza dalili, kwamba mtoto huvimba mikono na miguu, macho huwa ya manjano, na baridi humzidishia maumivu ya mifupa, sisi tulikuwa tumeinamisha vichwa. Dalili hizo tulikwisha kuziona.

Singida ni njia panda. Magari ya Dar es Salaam yaendayo Mwanza hupita kwetu, na ya Arusha hushukia kwetu. Mtu wa pwani na mtu wa ziwani hukutana hapa, wakafungua duka, wakaoana. Yapata miaka 25 iliyopita aliishi jirani yetu mtu wa asili ya pwani, na mkewe mtu wa kando ya ziwa. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alianza kulia usiku kabla hajatimiza mwaka. Vidole vilivimba. Upepo wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba ulipovuma, kilio chake tulikisikia nyumbani kwetu. Waliletewa habari ya hospitali, lakini kwanza walikuja kwetu, nasi tuliandika kombe, tukasoma. Kusoma hatukujutii. Tunajutia kuwa tuliwaambia wasubiri siku saba, kisha tukasema siku saba nyingine. Mtoto alifariki hajatimiza miaka mitatu.

Kisha maneno yakaanza. Ilisemwa kuwa mama amekuja na mkosi wa kwao. Ilisemwa na mengine ambayo hatutayaandika. Yalisemwa mbele yetu, katika baraza hii hii, nasi tulikuwa na ulimi wala hatukuutumia. Mume akamwacha. Akarudi kwao na kifurushi kimoja. Bwana akaoa mke mwingine, naye akamzalia watoto wanne wenye afya, na watu wakasema: Mmeona? Hiyo ilikuwa hoja yao kubwa, na kwa miaka mingi ilikuwa hoja yetu pia.

Baada ya kusomewa vitabu hivi tuliomba binti yule atueleze tena, polepole, akatumia punje za mtama. Kila mzazi ana punje mbili. Mwenye punje nyeupe mbili ni mzima. Mwenye nyeupe moja na nyekundu moja ni mzima pia, hana dalili, lakini anabeba. Mtoto hupewa punje moja na baba na moja na mama. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba yapo mafungu manne: fungu moja la mtoto mgonjwa, mawili ya mtoto mbebaji, na moja la mtoto asiye na nyekundu kabisa. Mzee mmoja akasema, "Basi akiugua wa kwanza, watatu watakaofuata wamesalimika." Binti akatikisa kichwa. Kila mimba huanza upya, punje hurudishwa chunguni. Huenda wakaugua wawili kwa kufuatana. Huenda asiugue hata mmoja. Na mbebaji akioa asiye na punje nyekundu, hapana mtoto wao atakayeugua, ijapokuwa nusu yao kwa makadirio watabeba.

Ndipo tulipoelewa. Wale watoto wanne wa mke wa pili hawakuwa ushahidi juu ya mke wa kwanza. Ugonjwa ule usingeweza kuja kwa mama peke yake. Ilikuwa lazima nusu yake itoke kwa baba.

Nasi tulikuwa na elimu ya kutosha kutunyamazisha tangu zamani, bila hadubini. Katika Bukhari na Muslim imo habari iliyopokewa na Abu Huraira, ya bedui aliyemjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akinung'unika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza habari za ngamia wake, rangi zao, na kama miongoni mwa wale wekundu yumo wa rangi ya kijivujivu. Bedui akakiri kuwa yumo. Akaulizwa ametoka wapi, naye akajibu kuwa labda ni asili ya zamani iliyomvuta. Akaambiwa kuwa basi huenda na mtoto wake kavutwa na asili. Hatusemi kuwa hilo ni somo la jeni, tusije tukaingia katika lile kundi tulilolionya. Ni somo la mwanamke asishutumiwe kwa jambo lililofichika katika damu. Tulilisomesha mara nyingi, wala hatukulikumbuka siku ilipotakiwa.

Yakadiriwa kuwa kila mwaka huzaliwa Tanzania watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Mambo si kama yalivyokuwa siku zile. Tangu mwaka 2004 Muhimbili kuna kazi kubwa ya kuwatibu na kuwachunguza wagonjwa hawa, ambayo iliongozwa na Profesa Julie Makani. Watoto hupewa dawa ya kuwakinga na maambukizo, na ipo dawa iitwayo haidroksiyurea ipunguzayo maumivu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo Dodoma, ilitangaza kuwapandikiza watoto uloto. Mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuirekebisha jeni yenyewe. Marekani bei yake ilitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Muuza vitunguu alijaribu kuihesabu kwa magunia, akaacha.

Sasa tumalize habari ya barazani. Binti aliyetusomea The Gene ameposwa. Aliyemposa ni kijana wa nyumba ile ile, mwana wa yule bwana kwa mke wa pili. Binti aliomba jambo moja kabla ya ndoa, kwamba wote wawili wapime damu. Ami wa kijana alikasirika, akasema ni kukosa tawakali, na kwamba vitabu hivi vimekuja kuvunja nyumba za watu. Tulimjibu kuwa mtu humfunga ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Lakini tulikumbuka na onyo la mwuguzi, tukawaambia vijana wote wawili kuwa majibu yakija, yawe yoyote, hapana atakayeruhusiwa kuyatangaza sokoni, wala sheria haimkatazi mbebaji kuoa.

Majibu yalikuja. Kijana anabeba, binti habebi. Harusi itakuwa Mfungo Mosi, inshallah, na ami ameahidi kuchinja.

Baba wa kijana alikuwa amekaa kimya muda wote huo. Siku ya tatu alikwenda hospitali peke yake, bila kumwambia mtu, akapimwa. Jioni alikuja kwetu na karatasi ameikunja mara nne. Kwa idhini yake twaandika kuwa naye anabeba. Hakulia. Alituuliza kwa nini vitabu hivi havikufika wakati ule, kisha mwenyewe akasema kuwa vingefika asingevisoma, na sisi tusingemwambia avisome. Hayo ndiyo maoni yake, nasi tumeyaandika pamoja na ya wengine.

Akatuomba karatasi na kalamu, tumwandikie barua yule mama, ambaye tumesikia yu hai, kwao, ana wajukuu. Tuliandika kwa Kiswahili chepesi, tukaeleza habari ya punje mbili za mtama, tukataja jina la mtoto. Yeye alitia sahihi yake chini, na sisi tukatia yetu chini ya yake. Tuliipa gari la Mwanza alfajiri ya Jumatatu.